Picha zipo, hazipatikani: utatuzi wa matatizo ya maktaba ya mpiga picha

Mpiga picha za shughuli wa Dar es Salaam, Mombasa au Unguja hapigi harusi moja. Familia ile ile humwita kwenye kicheni pati, sendofu, ndoa na mnuso, pengine ndani ya wiki mbili, na katikati ya hizo anaingiza mahafali, semina ya shirika na picha za bidhaa za duka la Kariakoo. Kamera ya megapikseli 24 hutoa faili ya RAW (picha ghafi ya kamera) ya takriban megabaiti 25 hadi 30, kwa hiyo fremu 2,000 za shughuli moja hula gigabaiti 50 na kuendelea. Msimu wa harusi ukipita umeshakusanya makumi ya maelfu ya picha. Halafu mama wa bibi harusi anapiga simu: "Mwanangu, naomba ile ya babu akitoa nasaha." Babu keshafariki, na picha hiyo haina badala yake.

Mwongozo huu unaanzia kwenye dalili, maana ndiyo unayoiona wewe ukiwa mbele ya kompyuta. Mifano mingi ni ya Lightroom Classic, programu ya kupanga na kuhariri picha, kwa sababu ndiyo niionayo kwenye studio nyingi, ila chanzo cha tatizo ni kile kile hata ukitumia programu nyingine.

Kwanza ujue kilichougua

Picha moja ya maktaba hukaa mahali patatu. Kuna faili iliyoko kwenye diski. Kuna rekodi ya faili hiyo kwenye katalogi ya programu. Katalogi ya Lightroom haina picha ndani yake: ina anwani ya picha, nyota ulizoipa na orodha ya marekebisho uliyoifanyia. Halafu kuna maelezo yanayosafiri na faili yenyewe, ndani yake au kwenye faili ndogo ya XMP iliyo pembeni: saa ya kupigwa, kamera, lenzi, jina la mpigaji, maneno ya kutafutia.

Karibu kila dalili iliyo hapa chini maana yake ni kwamba mahali pamoja kati ya hapo patatu pameachana na pengine. Ukishajua ni wapi, dawa huwa fupi. Hasara kubwa huja pale mtu anapoanza kuhamisha folda, kufuta na kuingiza upya kwa sababu ya hofu tu. Kwa hiyo kabla ya lolote: funga programu, nakili faili ya katalogi (ile inayoishia na .lrcat) uiweke pembeni, na usifomati kadi yoyote.

Folda ina alama ya kuuliza, picha ina alama ya mshangao

Programu inakwambia kwamba anwani iliyonayo haina mtu. Mara nyingi picha ni nzima kabisa.

Anza na jambo rahisi: diski ya nje imechomekwa? Kama imechomekwa na bado alama ipo, kwenye Windows tazama herufi ya diski. Wiki iliyopita diski ilikuwa E. Leo umechomeka flashi ya mteja kwanza, flashi ikachukua E, diski yako ikawa F. Katalogi inaendelea kutafuta picha kwenye E na haioni kitu. Ingia Disk Management, bofya diski kwa kitufe cha kulia, chagua "Change Drive Letter and Paths" na uipe herufi iliyo mbali, kama P, ambayo flashi haitaifikia. Ukirudi Lightroom, ionyeshe folda zilipo sasa mara moja tu, na herufi haitabadilika tena. Kwenye Mac kinachotumika ni jina la diski. Ukiwa na diski mbili zote zinaitwa "Untitled" utachanganyikiwa siku utakapozichomeka pamoja, kwa hiyo kila diski iwe na jina lake, na jina hilo libandikwe kwa karatasi juu ya kasha.

Chanzo cha pili ni mkono wa mtu. Msaidizi ameona folda inaitwa "Harusi Jumamosi", akaona bora aiite jina la maharusi, akaibadilisha nje ya programu. Nia yake njema, lakini katalogi haikuambiwa. Bofya folda yenye alama kwa kitufe cha kulia, chagua "Find Missing Folder", uionyeshe ilipo sasa. Kama folda zote za diski zimepotea, rekebisha ile ya juu kabisa na zilizo chini yake zitafuata. Usihangaike na moja moja.

Kuna kosa moja ambalo ningependa kila mpiga picha aliepuke: kuondoa folda iliyopotea kwenye katalogi na kuziingiza picha upya. Zitarudi, ndiyo, lakini kama mabadiliko hayakuwa yameandikwa kwenye XMP zitarudi bila nyota, bila marekebisho na bila makusanyo. Kazi ya usiku kucha inafutika kwa kubofya mara mbili. Kuanzia siku hiyo, iwe sheria ya studio kwamba folda hubadilishwa jina na kuhamishwa kutokea ndani ya programu tu.

Picha zimechanganyika: keki inakatwa kabla bibi harusi hajaingia

Mmepiga wawili, au mmoja mwenye kamera mbili, na ukizipanga kwa muda hadithi inakwenda mbele na nyuma. Hili ni tatizo la saa za kamera, na uzuri wake ni kwamba ukubwa wa tofauti wenyewe hukutajia chanzo.

Tafuta tendo moja lililoonekana na kamera zote mbili: pete kuvalishwa, kisu kugusa keki, mkono wa kasisi kunyanyuka. Linganisha saa zilizoandikwa.

Tofauti ya dakika chache ni kawaida, kwa kuwa saa za kamera huteleza polepole na hakuna aliyezigusa tangu mwaka jana. Tofauti ya saa 6 kamili ni yetu sisi Waswahili: mtu ameweka kamera kwa saa yetu, akaandika 3:00 ilipokuwa saa tatu asubuhi badala ya 9:00. Kama aliiweka saa mbili usiku akaandika 02:00 badala ya 20:00, tofauti itakuwa saa 18. Tofauti ya saa 12 ni AM na PM zilizobadilishana. Saa 1 kamili huonekana kwa aliyetoka Dubai au Muscat asirudishe kamera kwenye saa za Afrika Mashariki. Aliyetoka London atakuwa na 3 wakati wao wa baridi na 2 wakati wa kiangazi. Na ukikuta picha za jana zimeandikwa mwaka wa zamani kabisa, kamera imekaa bila betri kwa muda mrefu hadi betri ndogo ya ndani inayotunza saa ikaisha, na kalenda imeanza upya.

Dawa ni kusogeza saa za kamera moja zote kwa kiasi kimoja. Chuja picha za kamera hiyo pekee, ukitumia aina ya kamera au namba yake ya usajili kama mlitumia kamera zinazofanana. Zichague zote, kisha ingia "Edit Capture Time" na usahihishe ile iliyo mbele. Lightroom huzisogeza nyingine kwa tofauti ile ile. Anayependa ExifTool, programu ya bure ya kubadilisha maelezo ya picha kwa kuandika amri, atatumia amri hii kuongeza saa 6 kwa folda nzima:

exiftool "-AllDates+=6" folda

Programu hiyo huacha nakala ya faili ya zamani pembeni yake yenye mwisho _original, kwa hiyo usizifute mpaka uwe umehakikisha. Fanya marekebisho ya saa kabla ya kubadilisha majina ya faili, maana jina lenye tarehe hutokana na saa hiyo hiyo.

Kinga yake haigharimu hata shilingi. Kabla ya shughuli kuanza, kila mpigaji apige picha ya kioo cha simu moja inayoonyesha saa mpaka sekunde. Hata kama kamera zote zina saa za ajabu, picha hiyo itakupa tofauti kamili ya kila moja.

Faili mbili, jina moja

Dalili: unanakili kadi, kompyuta inauliza kama ibadilishe iliyopo. Au unakuta majina yenye (1) na -2 mkiani. Au mteja ameandika kwenye orodha yake ya albamu "DSC_0457" na wewe una tatu.

Kamera nyingi huhesabu hadi 9999 kisha hurudi 0001. Anayepiga kila wikendi huzunguka hesabu hiyo mara kadhaa kwa mwaka, na ukiwa na kamera mbili za kampuni moja mgongano huja mapema zaidi. Kama umeshajibu kwamba ibadilishe, simama hapo. Acha kadi kama ilivyo, maana bado ina ulichoingiza leo, na kilichofutwa ni kile cha zamani kilichokuwa kwenye diski: kitafute kwenye nakala yako ya akiba kabla hujaandika kitu kingine kwenye diski hiyo.

Dawa ya kudumu ni kuzipa picha jina jipya wakati wa kuziingiza. Mimi ningeshauri mwaka, mwezi, siku, kisha herufi za mteja, tendo, na namba iliyotolewa na kamera kwa picha hiyo: 20240713_AMJU_sendofu_0457. Mwaka utangulie, kwa sababu kompyuta hupanga kuanzia kushoto. Ukianza na siku, tarehe 13 za miezi yote zitakaa pamoja. Epuka nafasi tupu. Mkwaju na nuktapacha Windows haikubali kabisa kwenye jina, na alama kama ile ya Ng'ambo huleta usumbufu kwenye tovuti na kwenye amri za kompyuta, kwa hiyo andika Ngambo.

Katika kuangalia majina, tazama pia kistari cha chini kilipo. Nikon ikiandika _DSC badala ya DSC_, na Canon ikiandika _MG_ badala ya IMG_, kamera imewekwa kwenye rangi za Adobe RGB, wigo wa rangi ambao vifaa vingi havionyeshi vizuri. JPEG zake zinaweza kuonekana zimefifia kwenye baadhi ya simu na tovuti. Mteja analalamika rangi, wewe unalaumu skrini yake, kumbe kistari kilikuwa kinakwambia tangu mwanzo. Unapotoa picha za mteja, zitoe kwa sRGB, wigo wa kawaida wa simu na tovuti.

Najua niliipiga, lakini siioni

Hapa ndipo maktaba hujulikana kama ni maktaba. Hakuna kilichoharibika. Faili ipo, katalogi inaijua, ila maelezo yanayohitajika kuitafuta hayakuandikwa na mtu.

Kwa picha ya zamani isiyo na maelezo, anza na ushahidi ulio nje ya kompyuta. Mteja alilipa malipo ya awali kwa M-Pesa au Airtel Money: tafuta ujumbe wa muamala, utapata mwezi. Mazungumzo yenu ya WhatsApp yana siku aliyokutumia ramani ya ukumbi. Ukishapata tarehe, chuja kwa siku hiyo. Kisha chuja kwa kile ambacho kamera iliandika yenyewe bila kuombwa. Nasaha za babu zilitolewa jioni, ndani, kwa lenzi ndefu kwa sababu ulikaa mbali usimkatize. Tarehe, saa na lenzi peke yake zinaweza kushusha fremu 2,000 hadi chini ya mia.

Kwa zijazo, tengeneza mpangilio unaobeba familia na si tukio tu. Folda iwe ya tarehe na tukio, chini ya mwaka wake: 2024, ndani yake 20240713_AMJU_sendofu, ndani ya mwaka huo huo 20240720_AMJU_ndoa. Zile herufi AMJU zinabaki zile zile kwa maharusi hao kuanzia posa mpaka arobaini ya mtoto wao wa kwanza. Ukiandika AMJU kwenye kisanduku cha kutafutia, maisha yote ya familia hiyo yanatoka kwa mstari mmoja. Sipendekezi folda za aina ya "Harusi", "Mahafali", "Bidhaa", kwa sababu picha moja ya mkurugenzi kwenye mahafali itataka kukaa mahali pawili, na folda hairuhusu hilo bila kunakili. Aina ya kazi iwe neno la kutafutia au mkusanyo ndani ya katalogi, ambapo picha moja inaweza kuwa kwenye makusanyo kumi bila kuongeza hata baiti moja ya maana.

Maneno ya kutafutia yana ugonjwa wake: tahajia. Leo umeandika "bibi harusi", kesho "bi harusi", msaidizi kaandika "bibiharusi" na mwingine "bride". Sasa una maneno manne na kila moja linaleta robo ya picha. Fungua orodha ya maneno, chagua moja, uhamishie picha za mengine huko na uyafute yaliyobaki. Kisha andika orodha fupi ya studio, ichapishe, ibandikwe ukutani: watu (bibi harusi, bwana harusi, wazee, watoto, wapambe), tendo (kuvalishana pete, kulishana keki, nasaha, kutoa zawadi), mahali, na matumizi (albamu, mitandao, kielelezo cha kazi). Maneno thelathini yanayotumika kila siku yanafaa kuliko mia tatu yaliyosahaulika.

Na yaandikwe siku ile ile ya kuingiza picha, ukiwa bado unakumbuka mjomba ni yupi na shangazi ni yupi. Kwenye Mji Mkongwe wa Zanzibar, Capital Art Studio iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930 ilipiga sura za watu wa visiwani kwa vizazi. Picha za namna hiyo zinatukumbusha kwamba kazi yetu inaishi kuliko sisi, na jina lisiloandikwa leo baada ya miaka hamsini hakuna wa kulijua. Sehemu za maelezo za IPTC, kiwango cha kuandika maelezo ndani ya picha, zipo kwa ajili hiyo: nani, nini, wapi, lini, na nani mwenye hakimiliki. Jina lako na hakimiliki viweke kama kiolezo kinachojijaza kila unapoingiza kadi.

Mteja kaleta picha ya WhatsApp: "Nataka hii, kubwa"

Picha iliyotumwa kama picha kwenye WhatsApp imebanwa, imeondolewa maelezo ya kamera na, kwenye simu za Android, imepewa jina jipya lenye IMG, tarehe ya kutumwa na herufi WA. Tarehe hiyo si ya kupigwa, kwa hiyo usitafute nayo. Kwenye digiKam, programu ya bure ya kupanga picha, kuna utafutaji wa picha zinazofanana. Ukiipa muda wa kuchanganua maktaba kwanza, unaweza kuiwekea picha ya mteja nayo ikuletee asili yake. Bila hiyo, tumia macho: nguo, mwanga, ukumbi, kisha saa.

Unapotuma picha za kuchagua, zitume kama nyaraka ili jina na maelezo vibaki. Afadhali zaidi, chapa namba ya faili kwa herufi ndogo kwenye kona ya picha yenyewe. Hata akiipiga picha ya skrini na kuituma kwa dada yake aliyeko Toronto, namba itafika nayo.

Picha za kupamba zimetokea mahali pasipo pake

Kwa wanaofanya kazi za pwani hili ni kubwa kuliko diski kufa. Kwenye kupamba na singo, shughuli za wanawake za kumremba bibi harusi, wanawake wamekaa bila hijabu kwa sababu wanajua walio chumbani ni wanawake wenzao na mpiga picha waliyemwamini. Dalili ni kwamba picha moja ya aina hiyo imeonekana kwenye kielelezo cha kazi, au kwenye kiungo alichotumiwa bwana harusi, au msaidizi wa kiume ameikuta akihariri mnuso.

Chanzo huwa ni folda moja ya "harusi yote" na mkusanyo unaojijaza wenyewe kwa nyota tano. Mkusanyo huo haujui siri, unajua nyota. Tenga matukio hayo kwenye katalogi yake, kwenye diski yake iliyofungwa kwa nywila (BitLocker kwa Windows zenye huduma hiyo, FileVault au diski iliyosimbwa kwa Mac), na picha zake zihaririwe na mwanamke. Weka neno "faragha" kwa kila picha na ulitenge neno hilo katika kila mkusanyo unaojijaza. Viungo vya kushusha picha viwe na nywila na tarehe ya mwisho. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na sura ya mtu anayetambulika ni taarifa yake. Lakini hata bila sheria, heshima ya yule dada iko mikononi mwako. Akiomba ifutwe, futa faili, ondoa kwenye katalogi, na uende kwenye kila nakala ya akiba uifute na huko.

Marekebisho yote yamepotea, picha zimerudi kama zilivyotoka kwenye kamera

Kabla ya kufadhaika, soma jina la katalogi iliyofunguka. Mara nyingi umefungua ya zamani, au ile tupu ambayo programu iliitengeneza yenyewe baada ya kusakinishwa upya. Tafuta faili zote za .lrcat kwenye kompyuta, tazama tarehe na ukubwa, ufungue iliyo sahihi.

Kama ni yenyewe na inakataa kufunguka, uliza kama umeme ulikatika. Katalogi ni hifadhidata, na kukatika kwa umeme katikati ya kuandika huiumiza. Pembeni yake unaweza kuona faili yenye mwisho .lock. Hiyo, programu ikiwa imefungwa, unaweza kuifuta. Faili yenye mwisho -wal usiiguse, maana ndani yake kunaweza kuwa na mabadiliko ambayo hayajaingizwa kwenye katalogi. Fungua upya, kubali programu ijaribu kujitengeneza, na ikishindwa rudi kwenye nakala ya karibuni iliyo kwenye folda ya Backups.

Hapa wengi huelewa vibaya: nakala ambayo Lightroom inaomba kuifanya unapoifunga ni ya katalogi peke yake. Hakuna hata picha moja ndani yake. Picha uzinakili mwenyewe.

Washa chaguo la kuandika mabadiliko kwenye XMP ili marekebisho yakae pia pembeni ya faili. Makusanyo na nakala pepe (toleo la pili la picha ile ile ndani ya katalogi) hayaingii humo, lakini rangi, ukataji, nyota na maneno yataokoka hata katalogi ikifa. Na kwa kompyuta ya mezani, nunua UPS (betri inayoshikilia umeme ukikatika) kabla ya kununua lenzi nyingine.

Diski imejaa

Tazama kwanza Previews.lrdata iliyo pembeni ya katalogi, mahali programu inapoweka picha za kuonyeshea. Huvimba hadi makumi ya gigabaiti. Programu ikiwa imefungwa unaweza kuifuta, itajengwa upya taratibu. Kisha tafuta kadi zilizoingizwa mara mbili: kizuizi cha Lightroom cha kutoingiza nakala mbili huangalia jina, muda wa kupigwa na ukubwa, na hukagua katalogi iliyofunguliwa tu. Mwisho ni uchujaji ambao haukufanyika. Fremu kumi na mbili za meza moja, macho yamefumba kumi, hazina kazi.

Kadi haisomeki, au diski imeanza kugonga

Diski inayotoa mlio wa kugonga usiizime na kuiwasha kuijaribu. Ikikubali kusoma, nakili kwanza picha ambazo hazina nakala kokote, kisha nyingine. Ikikataa, iache kwa fundi wa kuokoa data.

Kwa kadi, iondoe kwenye kamera na usipige hata fremu moja zaidi. Kompyuta ikiomba kuifomati, kataa. PhotoRec, programu ya bure ya kuokoa faili, husoma kadi iliyofutwa au kuharibika na kutoa picha zilizomo, ilimradi hazijaandikwa juu yake nyingine. Ielekeze ihifadhi kwenye diski nyingine kabisa, kamwe si kwenye kadi ile ile. Itakurudishia picha zikiwa na majina kama f0123456.jpg, bila mpangilio wowote, lakini maelezo ya kamera yatakuwa ndani yake. Kwa hiyo zipe majina kutokana na muda wa kupigwa:

exiftool "-FileName<DateTimeOriginal" -d "%Y%m%d_%H%M%S%%-c.%%e" folda

Ndipo uziingize kwenye katalogi.

Kadi yenyewe usiifomati mpaka picha ziwe mahali pawili na umezifungua chache kwa macho yako, kutoka mwanzo, katikati na mwisho wa shughuli. Baada ya hapo fuata utaratibu wa 3-2-1: nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikiwa nje ya jengo. Kama kupakia gigabaiti 50 kwa bando ni gharama isiyobebeka, diski ya pili ikae nyumbani kwa ndugu unayemwamini na ibadilishwe kila Jumatatu. Diski iliyofomatiwa kwa mfumo wa faili wa exFAT inayotumika kwa Windows na Mac ichomolewe kwa utaratibu wa kuitoa kila mara, maana mfumo huo hauna kumbukumbu ya kujirekebisha ukikatizwa wakati wa kuandika. Na mara moja kwa miezi michache chukua nakala ya akiba, fungua folda yoyote humo, uone kama picha zinafunguka kweli.